Bi Sentimita, mkata mashimo kati ya Ngao na Falme

Umande haujakauka. Mwanamke aliyevaa ovaroli ya kijani na buti za mpira amesimama ukingoni mwa nyasi fupi kama zulia. Anaanza kutembea, akihesabu hatua kwa midomo bila kutoa sauti. Anafika, anarudi, anahesabu tena. Hesabu ya tatu ndiyo anayoiamini.

Anapiga goti na kusimika chombo chake, bomba fupi la chuma lenye makali chini na mpini juu. Anakizungusha kulia, kushoto, kulia, uzito wote wa mwili ukiwa mabegani. Anapokivuta kinatoka na kipande cha udongo cha duara, kirefu kama kopo la maziwa, kimevaa nyasi kichwani. Kipande hicho anakipeleka kwenye shimo la jana, anakizika humo, anakikanyaga taratibu na kukinywesha maji. Ukirudi baada ya dakika tano hutajua kama hapo palikuwa na shimo.

"Shimo halikatwi kwa nguvu, linakatwa kwa adabu," anasema bila kuinua uso. "Ukiliharakisha, ukingo unavimba. Mtu amesafiri kilomita elfu nane, mpira wake unafika mlangoni na kukataa kuingia kwa sababu yako."

Nyuma yake gari dogo la umeme la uwanjani linapanda kilima. Mikono yake inasimama. Hageuki. Anasubiri mpaka gari limpite na mlio wake upotelee kwenye miti, ndipo anapovuta pumzi.

"Bado," anasema. "Nikisikia gari nyuma yangu, naona kama linakuja kunichukua."

Wenzake wanamwita Bi Sentimita, kwa kuwa hata chumvi, wanadai, huipima kwa rula. Ana miaka arobaini na sita, mume fundi wa kuchomelea mageti, watoto wawili wa shule na mama mzazi anayeishi naye. Katika uwanja huu wa gofu amefanya kazi miaka ishirini na miwili. Kumi ya mwanzo aling'oa magugu kwa mkono. Siku mkata mashimo wa zamani alipostaafu kwa sababu ya mgongo, wanaume watatu walijaribiwa, na wote wakakata mashimo yaliyopinda. Yeye alikuwa akipita na ndoo yake ya magugu. Akaomba kujaribu. Shimo lake lilisimama wima kama askari wa gwaride.

Kwa asiyejua mchezo, kazi hiyo inaweza kuonekana ndogo. Lakini mashimo huhamishwa kila siku, ili nyasi zisichoke na wachezaji wasizoee. Katika mashindano ya timu, mahali yatakapokuwa mashimo ya kesho ni siri inayolindwa kama mahari ya binti wa pekee. Timu ikijua mapema, hufanya mazoezi ya pigo lile lile, ikaja asubuhi imeshiba. Siri hiyo huandikwa kwenye karatasi moja, hatua ngapi kutoka mbele na ngapi kutoka pembeni, mashimo kumi na manane. Na karatasi ya mwisho hukabidhiwa Bi Sentimita.

Ndiyo iliyomponza.

*

Kwa miaka mingi mashindano makubwa ya timu yalikuwa Ngao ya Mataifa peke yake. Nchi kwa nchi, kila baada ya miaka miwili, mchezaji halipwi kitu ila heshima ya bendera. Kisha ikaja Ligi ya Falme. Timu zake zina wenyewe, wachezaji wana mishahara, na mabango yake yanaonekana mpaka kwenye vituo vya mafuta. Wakubwa wa Ngao wakasema anayekwenda Falme asirudi. Wakubwa wa Falme wakajibu kwamba watacheza wiki ile ile ya Ngao, tuone watu watakwenda wapi.

Mdogo wake Bi Sentimita ni kedi, mbeba mkoba wa fimbo za mchezaji. Dada ndiye aliyemlea tangu baba yao alipofariki, na ndiye aliyemtafutia nafasi kwenye uwanja mwingine alipokuwa na miaka ishirini. Kijana akapanda, mkoba kwa mkoba, mpaka akawa kedi wa bingwa wa nchi. Bingwa aliposaini Falme, kedi akamfuata.

"Kedi hana timu," anasema mdogo wake, mtu mrefu mwenye bega moja lililoshuka kuliko jingine. "Mkoba ukienda, na mimi nakwenda. Nilidhani mambo ni hivyo tu."

Haikuwa hivyo tu. Mwaka jana uwanja wa Bi Sentimita ulipochaguliwa kuwa mwenyeji wa Ngao, Falme ilitangaza mashindano yake kwenye uwanja wa upande wa pili wa mji, mwendo wa saa moja kwa gari. Wafanyakazi tisa kati ya arobaini na mmoja wakahamia huko kwa wiki moja ya malipo mazuri. Waliobaki wakapewa fomu. Swali la sita liliuliza kama mjazaji ana ndugu, mwenzi au mtu wa karibu anayefanya kazi na Ligi ya Falme.

Dereva wa trekta, mtu mkweli kupita kiasi, aliandika ndiyo. Ana shemeji yake huko, fundi wa mabomba. Kesho yake alikuta trekta linaendeshwa na mwingine, na yeye amepangiwa kuelekeza magari kwenye maegesho.

Bi Sentimita alikaa na fomu yake siku mbili, ikilala chini ya sahani kabatini. Siku ya tatu akaandika hapana.

"Neno la herufi sita," anasema. "Sijawahi kuandika neno zito hivyo."

*

Tangu siku hiyo, anasema, aliishi roho mkononi. Alimwomba mdogo wake asije nyumbani na asipige simu mpaka Ngao ipite. Mdogo mtu alikubali, ingawa kwa sauti ya mtu aliyefungiwa mlango. Kila msimamizi wa uwanja alipoita jina la mtu, Bi Sentimita aliitika kwanza. Mlinzi akimsalimia kwa uchangamfu, alijiuliza anachekea nini. Asipomsalimia, alijiuliza kajua nini. Alipungua mpaka mumewe akamtania kwamba siku hizi akigeuka ubavu kitandani, yeye hudhani shuka limeanguka.

Aliyeshindwa kuelewa ni mama yao. Mwanawe wa kiume alikuwa na desturi ya kumtembelea kila Jumapili, na ghafla Jumapili nne zikapita.

"Mmegombana?" aliuliza.

"Hatujagombana, mama. Wakubwa ndio wamegombana."

"Na nyinyi mkauchukua ugomvi wa watu mkauleta kwangu."

Bi Sentimita aliinama akaendelea kuchambua mchele ambao, anakumbuka, ulikuwa umekwisha chambuliwa.

Kuna methali kuhusu tembo wanaopigana na nyasi zinazoumia. Wafanyakazi wa uwanja huo waliichosha kwa kuirudia wiki ile, wakiongeza la kwao: kwamba wao wameonewa mara mbili, maana ndio nyasi na ndio wanaozikata.

*

Ngao ilianza Ijumaa. Alfajiri hiyo, akikata shimo la kumi na nne, Bi Sentimita aliona maji yametuama nyuma kidogo ya katikati, mahali ambapo, bila yeye kujua bado, palikuwa pamepangiwa shimo la Jumamosi. Alimwambia msimamizi, msimamizi akamwambia mwamuzi mkuu, mwamuzi akaja na kukanyaga mwenyewe. Mchana Bi Sentimita alikabidhiwa karatasi ya Jumamosi. Aliikunja mara mbili, akaitia mfuko wa kifuani na kufunga zipu.

Saa saba na nusu simu yake iliita. Mdogo wake. Hakupokea. Ikaita tena. Akajibanza nyuma ya banda la mashine na kupokea huku mkono mmoja ukiziba mdomo.

Mama alikuwa ameanguka kwa jirani. Presha imepanda, ulimi mzito. Kadi ya hospitali na dawa vilikuwa ndani ya nyumba, na nyumba imefungwa. Mumewe alikuwa kazini nje ya mji na ufunguo wake. Mdogo wake alishaacha mkoba kwa kedi mwenzake na alikuwa njiani kuja kuchukua ufunguo wa dada.

"Nilitaka kumwambia asije," anasema Bi Sentimita. Hapa anafuta makali ya chombo kwa kitambaa, mara ya pili, mara ya tatu. "Mama yangu ulimi mzito, na mimi nafikiria fomu. Hofu inakufanya mtu usiyemjua."

Alikwenda getini. Mdogo wake alikuwa amesimama upande wa pili wa nondo, jasho likimtiririka, bado amevaa fulana ya Falme, nyekundu ya kuonekana kutoka mbali. Hakuna aliyesalimia. Dada alipitisha ufunguo kati ya nondo, mdogo mtu akaufumbata na kukimbia. Hatua tano kutoka hapo mlinzi alikuwa anaangalia.

Saa kumi picha ya karatasi ya mashimo ya Jumamosi ilikuwa kwenye simu za nusu ya watazamaji.

Habari ilipita uwanjani kama moto kwenye majani makavu. Kila mdomo ulikuwa na neno moja: Falme. Wamenunua mtu wa ndani kuiaibisha Ngao. Bi Sentimita alisikia hayo akiwa ameshika ndoo ya mchanga. Akagusa mfuko wa kifuani. Karatasi ilikuwemo. Badala ya kupata nafuu, anasema, aliona mambo yote matatu yamejipanga foleni: karatasi anayo, fulana nyekundu imeonekana, na hapana ameiandika kwa mkono wake.

Saa kumi na moja gari dogo la umeme lilikuja nyuma yake. Dereva hakushuka. Alisema tu, "Bi mkubwa, unaitwa."

*

Chumba kilikuwa cha kuhifadhia viti. Mkuu wa usalama wa mashindano, mtu mpole wa sauti ya chini, alikuwa na faili moja mezani. Bi Sentimita anasema upole ule ulimtisha kuliko kofi.

Aliulizwa kuhusu kazi yake, miaka yake, karatasi. Alijibu. Kisha likaja lenyewe.

"Uliyempa kitu pale getini ni nani?"

Anakiri kwamba uongo ulikuwa tayari mdomoni. Dereva wa teksi. Fundi wa jirani. Mtu yeyote. Lakini aliona kwamba akimkana mdogo wake mara ya pili, hatakuwa na pa kurudi. 

"Ni mdogo wangu. Tumbo moja, ziwa moja. Ni kedi wa Falme. Nilimpa ufunguo wa nyumba, mama yetu anaumwa."

"Kwenye fomu uliandika nini?"

"Niliandika hapana."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

Mkuu wa usalama aliandika neno hilo, akalitazama kidogo kama anayetaka kulifuta, akaliacha. Walichukua simu yake, wakachukua karatasi, wakamwambia avue ovaroli. Alikaa kwenye chumba cha viti kwa saa nzima akiwa na gauni lake la nyumbani, akisikiliza makofi ya watu nje na kujaribu kukisia kama mama yake yuko hai. Jua lilipozama aliambiwa aende, asirudi mpaka atakapoitwa.

Hospitali alimkuta mama amelala, pumzi zinakwenda. Mdogo wake alikuwa kwenye benchi la korido, fulana ameigeuza ndani nje. Alimsikiliza dada yake mpaka mwisho. Kisha akasema atakwenda kwa watu wa Ngao asubuhi, aseme yeye ndiye aliyeiba karatasi mfukoni mwa dada bila dada kujua. Kwao tayari yeye ni mbaya, hakuna cha kupoteza.

"Acha," dada alimwambia. "Huu si mkoba wa kubeba."

*

Ilikuwa asubuhi, wakingoja daktari, mdogo wake alipomwonyesha picha ile kwenye simu. Jana yake Bi Sentimita hakuthubutu hata kuitazama. Sasa aliikuza kwa vidole na kuanza kuisoma kwa mazoea tu, shimo baada ya shimo, kama msomaji wa dua. Alipofika la kumi na nne akasimama.

Picha ilisema hatua kumi na moja kutoka mbele. Karatasi yake, aliyoikumbuka kwa kichwa, ilisema tisa.

Aliisoma tena, na ya tatu. Yale maji yaliyotuama. Mwamuzi alikuwa amelisogeza shimo mbele hatua mbili, na karatasi aliyopewa yeye ilichapwa baada ya hapo. Iliyopigwa picha ilikuwa ya kwanza, na hiyo hakuwahi kuishika.

Mtu angedhani aliruka kwa furaha. Aliogopa zaidi. Kurudi kwenye geti lile ambako alikatazwa, kuwaambia wakubwa kwamba wamekosea kusoma, kulimtisha kuliko kukaa kimya na kufukuzwa. Alizunguka korido mara kadhaa. Ndipo mama yake, ambaye wote walidhani amelala, akasema kwa ule ulimi mzito kwamba anamtia kizunguzungu, aende anakokwenda.

Walinzi walimzuia. Alikaa chini palepale, nje ya geti, na kuomba aitiwe msimamizi wa uwanja. Msimamizi alikuja akichechemea. Wakubwa walikuwa wamebadilisha mashimo yote kwa sababu ya kuvuja kwa siri, na yeye mwenye miaka hamsini na tisa ndiye aliyeyakata, mgongo umemfungika. Alimsikiliza kupitia nondo. Aliondoka, na kwa dakika arobaini Bi Sentimita alitazama njia bila kujua atakayeitokea ni nani.

Msimamizi aliporudi alikuwa na mkuu wa usalama, na karatasi mbili mkononi.

"Walikuwa wanatafuta mtu," msimamizi anasema leo. "Hakuna aliyetafuta namba. Namba zilikuwa mezani usiku mzima."

Ilikuja kubainika kwamba karatasi ya kwanza ilisahauliwa kwenye chumba cha timu mwenyeji, na msaidizi mmoja wa timu hiyo hiyo aliipiga picha kumringia rafiki yake. Falme haikuwa na mkono humo. Wala Ngao haikuwa na adui mwingine siku ile ila mtu wake mwenyewe mwenye simu nzuri.

*

Bi Sentimita alisafishwa kwa hilo. Kwa fomu, hapana. Jumapili, siku ya fainali, hakuruhusiwa kuingia. Aliitazama kwenye televisheni ya wodini, kando ya kitanda cha mama yake, na majirani wa vitanda walishangaa kumwona anafumba macho kila mpira unapokaribia shimo. Hakujali nani anashinda. Aliogopa kingo.

Alipewa barua ya onyo, na mkataba wake, uliokuwa wa miaka miwili, ukawa wa miezi sita sita. Huu ni wa pili. Unaisha mwezi ujao, na hakuna aliyemwambia kitu. Dereva wa trekta bado yuko maegesho.

Redio zinasema wakubwa wa Ngao na wa Falme sasa wanazungumza. Wanataka kugawana kalenda, labda hata kucheza mechi moja kubwa, timu dhidi ya timu. Wamepigwa picha wakipeana mikono. Fomu, kwa pande zote mbili, zingali zinajazwa.

Kwa hiyo wafanyakazi wa viwanja vyote viwili, wakata nyasi, makedi, wapishi, wameungana. Wamefika sitini na watatu. Wana ombi moja, kwamba mtu aulizwe kuhusu kazi yake, asiulizwe kuhusu tumbo alilotoka. Wameruhusiwa kulisoma mbele ya wakubwa wa pande zote mwisho wa mwezi huu, na wamemchagua Bi Sentimita kulisema. Alikataa mara mbili. Ya tatu alikubali, akaenda nyuma ya banda la mashine akatapika.

"Kuna watu wanadhani nimekuwa jasiri," anasema. "Sijawa. Usiku siku hizi silali. Nawaona wamekaa mstari mrefu, mimi nimesimama, na mkataba wangu uko mezani kwao. Lakini nimeshaona hofu ikinifanya nimkane mdogo wangu. Sijui itanifanyisha nini kesho nikiiacha iniendeshe."

Anatumaini mambo mawili tu: mkataba wa miaka miwili urudi, na msichana mmoja kati ya wang'oa magugu, ambaye ameanza kumfundisha, akate shimo lake la kwanza la mashindano kabla mwaka haujaisha.

Jioni, nyumbani kwake, vyumba viwili na kibaraza, anasimama karibu na dirisha akiwa ameshika daftari aliloandikia ombi lao. Mumewe amezima redio. Mdogo wake amekaa sakafuni, amekuja kama kila Jumapili. Mama yao amelala kitandani chumba cha pili, mlango wazi, mkono wa kulia bado hauna nguvu.

Bi Sentimita anasoma sentensi ya kwanza.

"Sauti haijafika huku," mama anasema kutoka chumbani. "Rudia."

Anarudia, kwa sauti kubwa kidogo. Nyumba nzima inasikiliza.

"Bado. Rudia tena."